Himaya ikianguka, anza na ofisi zake: namna ya kusoma vita vya baada ya Muungano wa Kisovieti

Tangu Februari 2022 wanafunzi wangu wa kidato cha tano na sita hapa Arusha hawaachi kuniuliza: watu waliokuwa nchi moja miaka yote ile wamefikaje kuuana? Wanauliza kuhusu Urusi na Ukraine, lakini wengi huwa wameshajijibu kabla sijafungua mdomo. Ni ukabila, Mwalimu. Wanachukiana tangu zamani.

Jibu hilo naliogopa kuliko kutokujua kabisa. Lilitolewa kuhusu Rwanda, likatolewa kuhusu Burundi, na kila lilipotolewa liliwafunika watu waliokuwa na majina, vyeo na funguo za maghala. Kabla ya ualimu nilifanya kazi ya kupanga nyaraka katika mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, ikisikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Karatasi zile hazikusema kwamba watu waliamka asubuhi moja wakachukiana. Zilisema nani aliitisha kikao, nani alikuwa na askari chini yake, nani alijua na akanyamaza. Kwa macho hayohayo nimesoma vita vilivyofuata kuanguka kwa Muungano wa Kisovieti, na ndivyo ningependa na wewe uvisome, uwe unajiandaa kwa chuo au unataka tu kuelewa taarifa ya habari. Tafuta daftari kubwa, karatasi mbili za manila na kalamu za rangi tatu. Mengine utayapata kwenye simu.

Tarehe kwanza, ukurasa mmoja

Usianze na kitabu kinene. Anza na ukurasa mmoja wa tarehe, uuandike kwa mkono wako.

20 Februari 1988: baraza la mkoa wa Nagorno-Karabakh linaomba mkoa utolewe Azerbaijan upelekwe Armenia. 9 Aprili 1989: askari wanaua waandamanaji Tbilisi, mji mkuu wa Georgia. 17 Machi 1991: kura ya maoni juu ya kuuhifadhi Muungano, na jamhuri sita zinakataa kuiendesha. 19 hadi 21 Agosti 1991: jaribio la mapinduzi Moscow linashindwa. 1 Desemba 1991: zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura Ukraine wanataka uhuru. 8 Desemba: viongozi wa Urusi, Ukraine na Belarus wanatangaza kwamba Muungano haupo tena. 21 Desemba: jamhuri 11 zinakubaliana hivyohivyo huko Alma-Ata, Kazakhstan. 25 Desemba: Gorbachev, rais wa Muungano, anajiuzulu.

Sasa zitazame. Kati ya ombi la Karabakh na kujiuzulu kwa Gorbachev kuna karibu miaka minne, na ndani ya miaka hiyo watu walikuwa tayari wanauana Karabakh, Fergana, Osh na Ossetia Kusini. Kwa hiyo sentensi ambayo wanafunzi huiandika kwa haraka, "himaya ilianguka, kisha vita vikaanza", haisimami. Vita kadhaa vilianza dola ikiwa bado ina jeshi, polisi na gazeti la Chama cha Kikomunisti, ila amri ya Moscow ilikuwa haitiiwi tena kama zamani. Kipindi hicho cha amri kulegea ndicho kinachohitaji macho yako yote. Atakayeanza kusoma kuanzia Desemba 1991 amekuta mazishi, ugonjwa hakuuona.

Manila ya ngazi za utawala

Hapa kaa muda mrefu. Mimi hukaa na darasa langu wiki kadhaa, na sijawahi kuona wiki hizo zimepotea.

Muungano wa Kisovieti haukuwa na mikoa ya aina moja kama tuliyoizoea sisi. Mwaka 1989 ulikuwa na jamhuri 15 za Muungano, na katiba ya 1977, ibara ya 72, ilizipa haki ya kujitoa. Ndani ya baadhi ya jamhuri hizo kulikuwa na jamhuri ndogo 20 zenye mamlaka ya ndani. Chini yake kulikuwa na mikoa 8 yenye mamlaka ya ndani, na chini kabisa wilaya 10 za namna hiyo. Hizi za chini hazikupewa haki ya kujitoa. Lakini zilikuwa na baraza lao, kamati yao ya chama, bajeti, mara nyingi gazeti na shule kwa lugha yao, na watu waliozoea kuitwa waheshimiwa.

Chora hayo kwenye manila ya kwanza. Jamhuri 15 ziwe na rangi moja, jamhuri ndogo rangi ya pili, mikoa na wilaya rangi ya tatu. Chora mshale kutoka kila ya chini kwenda kwa ya juu inayoimiliki. Abkhazia na Ajaria chini ya Georgia. Ossetia Kusini chini ya Georgia pia, ikiwa mkoa. Nagorno-Karabakh chini ya Azerbaijan, mkoa tangu 1923. Chechnya na Ingushetia zikiwa jamhuri ndogo moja chini ya Urusi, na Tatarstan vilevile.

Mwanafunzi mmoja, binti wa Ngarenaro, alilielewa jambo hili kabla sijamaliza kulieleza. Alisema ni nyumba ya kupanga: mwenye nyumba kafariki, wapangaji 15 wa vyumba vikubwa wamepewa hati kila mmoja ya chumba chake, na wale waliopangishwa pembeni na wapangaji wenyewe wameamka wamekuwa wapangaji wa jirani yao, milele. Sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Maana ndivyo dunia ilivyofanya. Mwaka 1991 na miezi iliyofuata, jamhuri za juu zikatambuliwa kuwa nchi huru kwa mipaka ileile waliyochora makarani wa Kisovieti. Za chini hazikutambuliwa. Sisi Watanzania tuna sababu ya kuielewa hoja hii. Julai 1964 wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Cairo walikubali kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru, na aliyepeleka hoja ile ni Mwalimu Nyerere. Somalia na Morocco hazikuikubali. Balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa wakati huo, Martin Kimani, aliirudia hoja hiyo mbele ya Baraza la Usalama usiku wa 21 Februari 2022, akiwaambia wakubwa kwamba mipaka yetu hatukuichora wenyewe, na kwamba tulichagua kuishi nayo badala ya kuifukuzia kwa damu. Itafute hotuba ile uisikilize yote. Ni fupi, na ni somo zima la himaya zilizokufa.

Lakini usiiache hoja ya Cairo bila kuiuliza swali gumu: je, kanuni hiyo inamfanyia nini mtu wa ngazi ya chini? Muabkhazi wa 1991 aliona Georgia ikijitoa Moscow kwa haki ambayo yeye amenyimwa kujitoa Georgia. Na Mgeorgia aliyeishi Sukhumi, mji mkuu wa Abkhazia, naye alikuwa na hoja: kwa sensa ya 1989, kati ya watu wapatao 525,000 wa Abkhazia, Waabkhazi walikuwa kama asilimia 18 na Wageorgia asilimia 46. Andika hoja zote mbili kwenye daftari, ukurasa wa kushoto na wa kulia, kwa nguvu sawa. Usipoweza kuiandika hoja ya upande usioupenda kiasi kwamba mwenyewe angeikubali, bado hujaanza kusoma.

Kuna jambo jingine watu hulipita. Aprili 1990 Moscow ilitunga sheria ya namna ya jamhuri kujitoa, na ndani yake ikaweka kwamba jamhuri ikipiga kura ya kutoka, maeneo yenye mamlaka ya ndani yatapiga kura yao peke yao. Yaani dola iliyokuwa inakufa iliwaonyesha wa ngazi ya chini mlango. Ukiiweka sheria hii kwenye ukurasa wako wa tarehe, utaona kwa nini matangazo ya kujitawala yaliongezeka mwaka ule.

Ukimaliza manila, zungushia duara mahali palipopiganwa. Karabakh, Ossetia Kusini, Abkhazia, Chechnya: zote nne ni za ngazi ya chini, zenye ofisi bila haki ya kujitoa. Waabkhazi na Wageorgia walikuwa wamepishana lugha na desturi kwa karne nyingi. Kilichobadilika kati ya 1988 na 1992 ni swali la nani ataandika bajeti, nani ataamuru polisi, na mtoto atasomeshwa kwa lugha gani.

Na usifiche zinazokataa kanuni. Transnistria mwaka 1990 haikuwa na ngazi yoyote. Ilikuwa ukingo wa mto ndani ya Moldova. Ukirudi nyuma utakuta kwamba kuanzia 1924 hadi 1940 ilikuwa sehemu ya jamhuri ndogo ndani ya Ukraine, na kwamba sheria ya lugha ya Agosti 1989 iliwatia hofu viongozi wa viwanda waliozungumza Kirusi. Tajikistan ni kisa kingine kabisa. Kule vita havikuwa vya kujitenga: kuanzia Mei 1992 makundi ya mikoa, Kulob na Khujand upande mmoja, Gharm na Pamir upande wa pili, yaligombania Dushanbe, mji mkuu wenyewe. Mvulana mmoja wa kidato cha tano aliniuliza kama Tajikistan haiivunji hoja yangu ya ofisi. Nikamwambia aende akaangalie wakuu wa chama wa Tajikistan walitoka mkoa gani miaka ya mwisho ya Usovieti. Alirudi na jibu: Khujand, mmoja baada ya mwingine, kwa miongo. Ofisi kuu moja ilikuwa ya mkoa mmoja, na siku Moscow ilipoacha kuilinda, wengine waliitaka.

Soma na palipotulia

Hili ndilo linalomtofautisha msomaji na mshabiki. Mshabiki husoma palipowaka tu, kisha anaeleza moto. Lazima uwe na jozi: mahali pawili panapofanana kwa mengi, pa kwanza pakapigana na pa pili pasipigane.

Jozi yangu ya kwanza ni Chechnya na Tatarstan. Zote zilikuwa jamhuri ndogo ndani ya Urusi, zote zina Waislamu wengi, zote zina mafuta, na zote mbili zilikataa kutia saini mkataba wa shirikisho wa 31 Machi 1992. Tatarstan ikaendelea kuzungumza hadi ikapata mkataba wake na Moscow tarehe 15 Februari 1994. Chechnya ikaingiliwa na jeshi la Urusi tarehe 11 Desemba mwaka huohuo. Kwa nini?

Ukijibu "dini" umekosa, maana dini ni ileile. Pekua hivi. Kumbukumbu: Februari 1944 Stalin aliwahamisha Wachecheni na Waingushi wote, karibu nusu milioni, kwa treni kwenda Asia ya Kati, na hawakurudishwa hadi 1957, mzee wa Grozny wa 1991 alikuwa amezika ndugu zake njiani. Uongozi: Tatarstan iliongozwa na Mintimer Shaimiev, mtu wa chama aliyejua kila ofisi ya Moscow, na Chechnya ikashikwa na Dzhokhar Dudaev, jenerali wa anga aliyewaondoa wakubwa wa zamani kwa nguvu za barabarani. Jiografia: Tatarstan imezungukwa na Urusi pande zote, Chechnya inapakana na Georgia. Watu: Tatarstan ya 1989 ilikuwa na Watatari asilimia 48 na Warusi 43, kwa hiyo kila hatua ilibidi kupimwa. Silaha: jeshi lilipoondoka Chechnya mwaka 1992 liliacha nyuma shehena kubwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha peke yake. Zipange kwa uzito unaouona wewe, utetee mpangilio wako mbele ya wenzako.

Jozi ya pili wanafunzi huipenda zaidi kwa sababu imo ndani ya nchi moja ndogo. Moldova ilipoanza kujitenga na Moscow, Wagagauzi wa kusini walijitangazia jamhuri yao Agosti 1990, na Transnistria Septemba. Wagagauzi ni kabila hasa, wana lugha yao. Transnistria ilikuwa mchanganyiko wa Wamoldova, Waukraine na Warusi. Kama ukabila ndio ungekuwa chanzo, vita vingetokea Gagauzia. Havikutokea. Gagauzia ilipewa mamlaka ya ndani kwa sheria ya Desemba 1994, na Transnistria ikapigana kuanzia Machi hadi Julai 1992. Tofauti kubwa ni kwamba Transnistria ndiko lilikokaa Jeshi la 14 la Kisovieti, baadaye la Urusi, na maghala yake.

Fuata silaha, fuata mshahara

Kila ukisoma kwamba "wanamgambo walijitokeza", simama. Bunduki haijitokezi. Ilikuwa kwenye ghala, ghala lina mlango, mlango una mlinzi, na mlinzi wa 1992 alikuwa hajalipwa. Bei za Urusi mwaka ule zilipanda zaidi ya mara ishirini. Mshahara wa ofisa ukawa haununui kitu, na kambi aliyoapa kuilinda ilikuwa sasa kwenye nchi ya kigeni.

Kwenye manila ya pili chora kambi, si mataifa. Tarehe 15 Mei 1992 huko Tashkent nchi mpya ziligawana vifaru, mizinga na ndege za dola iliyokufa kwa makubaliano ya maandishi. Hiyo ni njia rasmi. Njia nyingine zilikuwa kununua, kuiba, kunyang'anya na kupewa kimyakimya. Kwa kila vita uliza ni ipi kati ya hizo ilitumika, na kikosi gani cha zamani kilikuwa jirani. Transnistria ni Jeshi la 14, ambalo Juni 1992 lilikuja kuongozwa na Jenerali Aleksandr Lebed, na mapigano yakasitishwa kwa makubaliano ya 21 Julai. Tajikistan ni Divisheni ya 201. Stepanakert, mji mkuu wa Karabakh, ni Rejimenti ya 366, ambayo askari wake wanatajwa katika habari za Khojaly, mji ndani ya Karabakh.

Khojaly nitaisema, kwa sababu kuipita kimya ni dhambi kwa mtu anayejiita msomaji wa vita. Usiku wa 25 kuamkia 26 Februari 1992 raia wa Kiazeri waliokuwa wakikimbia mji huo waliuawa kwa mamia. Azerbaijan inataja watu 613. Na miaka minne kabla, mwisho wa Februari 1988, Waarmenia waliwindwa majumbani mwao Sumgait, karibu na Baku, mji mkuu wa Azerbaijan. Hesabu rasmi ya Kisovieti ilikuwa vifo 32, na Waarmenia husema vilikuwa vingi zaidi. Nakutaka usome vyote viwili siku moja. Ukisoma Sumgait peke yake utakuwa Muarmenia, ukisoma Khojaly peke yake utakuwa Muazeri, na maiti wa pande zote mbili hawatapata haki yao kwako.

Jifunze kusoma ushahidi hapahapa Arusha

Kabla hujazama kwenye simulizi za Kaukasi, yaani ukanda wa Georgia, Armenia, Azerbaijan na Chechnya, fanya zoezi moja la karibu. Soma hukumu ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa hapa mjini tarehe 2 Septemba 1998. Ni hukumu ya kwanza ambayo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Kumbukumbu za mahakama ile sasa zinatunzwa Lakilaki, na za wazi unaweza kuzisoma mtandaoni ukitumia bando la usiku. Ni ndefu. Usiikimbie.

Itazame inavyojengwa. Kabla ya kusimulia mauaji, majaji wanaeleza utawala wa Rwanda ulivyopangwa: mkoa, wilaya, sekta, seli, na nani anateua nani. Akayesu alikuwa mkuu wa wilaya ya Taba. Wanauliza alikuwa na polisi wangapi, anaweza kuwaamuru nini, watu walimtii kwa sababu gani. Ndipo shahidi anaingia. Na kwa kila shahidi wanapima: uliona kwa macho au uliambiwa? Ulikuwa umesimama wapi? Hayo unayosema leo yanalingana na uliyosema mwanzo, na kama hayalingani, ni uongo au ni maumivu? Nilipokuwa nikipanga nyaraka nilijifunza kuheshimu swali hilo la mwisho. Mtu aliyepoteza watoto hutaja saa isiyo sahihi, na bado anachosema kuhusu aliyebeba silaha kikawa kweli.

Chukua maswali hayo uyapeleke kwa taarifa ya gazeti la Moscow, kwa kumbukumbu za jenerali, kwa video ya mtu aliyehama Sukhumi. Nani anasema? Lini? Kwa nani? Aliona? Ananufaika vipi nikiamini?

Takwimu nazo ziulize hivyohivyo. Waliokufa Tajikistan utakuta wametajwa 20,000 pengine, na 100,000 pengine. Usichague katikati ili upate amani. Andika kima cha chini na cha juu, taja kila mmoja ni wa nani, basi. Kwa waliohama, sensa ya 1989 ndiyo msingi wako: linganisha idadi ya kila eneo kabla na baada. Utaona kwamba Wageorgia zaidi ya 200,000 waliondoka Abkhazia. Pia andika majina yote mawili ya kila mji, Stepanakert na Khankendi, Sukhumi na Sokhumi, la sivyo utapitwa na nusu ya maandishi unapotafuta.

Vitabu vya Kiswahili juu ya haya ni haba, inauma kusema. Anzia kwenye nyaraka za Umoja wa Mataifa. Maazimio manne ya Baraza la Usalama kuhusu Karabakh ya 1993, namba 822, 853, 874 na 884, ni mafupi, na ukiyasoma mfululizo unaona vita vinavyosogea wilaya hadi wilaya. Ripoti za ujumbe wa waangalizi wa Abkhazia zinaendelea hadi 2009. Kwa Kirusi tumia programu ya kutafsiri, ila usinukuu tafsiri ya mashine kama neno la mtu. Eleza maana yake tu.

Vita vinavyochagua watawala

Mada hii ina nusu mbili, mapigano na mabadiliko ya siasa, na wengi huisoma ya kwanza wakaiacha ya pili. Tengeneza jedwali: kushoto tukio la uwanja wa vita, kulia nani aliondoka madarakani.

Azerbaijan peke yake inatosha kukufunza. Baada ya Khojaly, Machi 1992, Rais Mutallibov akajiuzulu. Juni akachaguliwa Abulfaz Elchibey. Mwaka mmoja baadaye, jeshi likishindwa na kamanda mmoja akiandamana na askari wake kuelekea Baku, Elchibey akakimbia mji, na Heydar Aliyev, mkuu wa zamani wa chama, akarudi. Aliyev akasitisha vita 12 Mei 1994, na mwanawe ndiye anayetawala leo. Armenia ilishinda vita vile, na ushindi nao ulikula watawala: Februari 1998 Levon Ter-Petrosyan aliondoka kwa sababu alitaka maafikiano juu ya Karabakh, na akaingia Robert Kocharyan, mtu wa Karabakh mwenyewe. Georgia, Gamsakhurdia alifukuzwa kwa bunduki Januari 1992, na Machi akarudi Shevardnadze, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Gorbachev. Tajikistan, Emomali Rahmon aliyeinuliwa Novemba 1992 katikati ya vita bado yuko Dushanbe. Mkataba wa 27 Juni 1997 uliwaahidi wapinzani asilimia 30 ya nafasi serikalini, na ni kazi nzuri ya muhula mmoja kufuatilia nafasi zile zilivyopungua.

Mwaka wa kusitisha mapigano usiufanye mwisho wa daftari. Ossetia Kusini iliwaka tena Agosti 2008. Krimea, iliyohamishwa kutoka Urusi kwenda Ukraine mwaka 1954 na kupita miaka ya tisini bila vita, ilichukuliwa na Urusi 2014, ingawa Urusi ilikuwa imetia saini huko Budapest Desemba 1994 kuiheshimu mipaka ya Ukraine. Karabakh ilirudi vitani Septemba 2020, siku 44, na Septemba 2023 Azerbaijan ikauchukua mkoa wote kwa siku mbili. Waarmenia zaidi ya 100,000 wakaondoka kwa barabara moja ya mlimani ndani ya wiki moja hivi. Ombi la baraza la Februari 1988 lilifungwa hapo, miaka 35 baadaye, na waliokuwa watoto siku ile ndio waliopakia magari.

Kazi ya kuanzia

Ukishakuwa na manila zako mbili, jedwali na jozi mbili, chukua Ajaria. Nawapa wanafunzi wangu wote kisa hiki kwa sababu kinanibana hata mimi. Ajaria ni jamhuri ndogo ya Georgia ukingoni mwa Bahari Nyeusi, inayopakana na Uturuki. Ilikuwa na ofisi zake. Ilikuwa na mtawala wake, Aslan Abashidze, tangu 1991, aliyekuwa na askari wake na forodha yenye pesa. Ilikuwa na kambi ya jeshi la Urusi Batumi, mji wake mkuu. Kila alama niliyokufundisha kuitafuta ipo. Mei 2004 mzozo na Rais Saakashvili ulipopamba moto, madaraja ya kuingilia yalilipuliwa, watu wakajaa mitaani Batumi, na tarehe 6 Mei Abashidze akapanda ndege kwenda Moscow. Vita havikutokea.

Andika kurasa nne kueleza kwa nini. Anza na wakazi: wengi wao ni Wageorgia, kwa lugha moja na Tbilisi, ingawa miongoni mwao wamo Waislamu wengi. Kisha uliza Abashidze aliwahi kudai nini hasa kwa Tbilisi, na Moscow ilimtuma nani Batumi usiku wa mwisho, kufanya nini. Kisha mpe mwenzako akukatalie, mjibu kwa maandishi, na mniletee zote mbili.